Talaka Ilitoka Lini? Namna Mahkama Inavyoitafuta Tarehe ya Kuachana

 

Ndugu msomaji, muulize mtu yeyote siku aliyooa au kuolewa, atakutajia bila ya kufikiri. Pana cheti, pana picha, pana mashahidi waliokula walima. Lakini muulize mtu aliyeachana na mwenzake talaka ilitoka siku gani. Wengi watasita. Talaka nyingi hutoka usiku, chumbani, kwa hasira, na asubuhi yake kila mmoja anasimulia lake. Mmoja anasema ilikuwa Rajabu, mwengine anasema ilikuwa baada ya Ramadhani. Na wapo wanaosema haijatoka kabisa.

Watu huliona jambo hili dogo mpaka siku wanapofika mbele ya Kadhi. Hapo ndipo hujulikana kwamba tarehe ile ndiyo kesi yenyewe.

Tuchukue mfano. Mke anakaa Amani, hapa mjini Unguja, na watoto watatu. Mume yuko Muscat kikazi. Miaka miwili ya mwanzo alileta matumizi kila mwezi. Baadaye yakapungua, kisha yakakatika. Mke akavumilia mwaka na nusu, akakopa dukani, akauza bangili zake, mwisho akenda Mahkama ya Kadhi kudai matumizi. Jibu likaja kutoka kwa mume: "Huyo si mke wangu. Nilimwacha tokea Mfunguo Tatu ya mwaka juzi." Mke anasema: "Wallahi, leo ndiyo mara ya kwanza kusikia."

Huu ni mfano tu, wala hatumkusudii mtu. Lakini kila aliyekaa barazani mwa mahkama zetu anajua kwamba hauko mbali na yanayotokea. Mume akisadikiwa, mke huyu amepoteza madai ya mwaka na nusu. Asiposadikiwa, lile ni deni shingoni mwake. Basi Kadhi anaijuaje tarehe?

KUTENGANA SI KUACHANA

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kutengana, yaani mume na mke kukaa mbalimbali, na kuna kuachana, yaani ndoa kuvunjika. Katika sharia ya Kiislamu kutengana peke yake hakuvunji ndoa, hata kukifika miaka kumi. Mke aliyerudi kwao Makunduchi na mume aliyebaki mjini bado ni mume na mke mpaka itoke talaka, au mke ajikhului, au Kadhi aivunje ndoa. Ile kauli ya mitaani kwamba "ndoa ikikaa miezi mitatu bila ya matumizi hujivunja yenyewe" haina msingi. Kukosa matumizi kunaweza kuwa sababu ya mke kwenda kwa Kadhi kuomba ndoa ivunjwe, lakini ndoa haijivunji.

Sheria nyengine zinakwenda njia tofauti. Katika jimbo la California, Marekani, tarehe ya kutengana ina uzito mkubwa, kwa sababu mali anayochuma mtu baada ya siku hiyo ni yake peke yake. Mwaka 2015 Mahkama Kuu ya jimbo hilo iliamua kwamba watu hawahesabiwi kuwa wametengana wakiwa wanakaa nyumba moja. Wabunge hawakuridhika, wakatunga kifungu kipya kilichoanza kutumika Januari 2017. Sasa panatazamwa mambo mawili: mmoja wao awe amemdhihirishia mwenzake nia ya kuimaliza ndoa, na vitendo vyake viafikiane na nia hiyo.

Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema kwamba kutengana kwa hiari kwa muda usiopungua miaka mitatu ni moja katika dalili za kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Hata hivyo ni dalili tu, na ndoa inavunjwa na amri ya mahkama. Waislamu walioko Bara wanafaa kulijua hili. Baraza la Usuluhishi likishathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mume akatoa talaka, mahkama itakubali kuwa ndoa imevunjika na kutoa amri yake. Kwa hiyo Muislamu wa Bara anaweza kuwa na tarehe mbili: ile ya talaka, ambayo eda inahesabiwa kwayo, na ile ya amri ya mahkama, inayotambuliwa na serikali. Sheria hiyo ya 1971 haitumiki Zanzibar. Huku kwetu mambo ya ndoa na talaka za Waislamu yako kwa Kadhi.

KWA NINI TAREHE NI MUHIMU

Allah (SW) katika Suratut-Talaq (65:1) ameamrisha eda ihesabiwe sawasawa. Hesabu haiwezi kuwa sawasawa bila ya kujulikana siku ya kuanzia. Na katika siku hiyo yananing'inia mambo yasiyopungua matano.

La kwanza ni eda yenyewe. Mwenye kupata hedhi anakaa quruu tatu (2:228), ambazo kwa Imamu Shafi ni tohara tatu na kwa Imamu Abu Hanifa ni hedhi tatu. Asiyepata hedhi anakaa miezi mitatu, na mwenye mimba mpaka ajifungue (65:4). Aliyeachwa kabla ya kuingiliwa hana eda (33:49). Mwanamke akikosea mwanzo wa hesabu anaweza kuolewa akiwa bado yumo edani, na ndoa hiyo ikawa batili.

La pili ni rejea. Mume aliyetoa talaka moja au mbili ana haki ya kumrejea mkewe maadamu eda haijesha. Eda ikisha, hana njia ila posa mpya, mahari mapya na ndoa mpya.

La tatu ni matumizi. Mke ana haki ya matumizi muda wote wa ndoa na muda wa eda ya talaka rejea. Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, matumizi yasiyolipwa hayafutiki kwa kupita siku. Ni deni, maadamu mke hakuwa ameasi.

La nne ni mirathi. Mume akifa na mke yumo katika eda ya talaka rejea, mke anarithi, na eda yake inageuka kuwa ya kufiwa, miezi minne na siku kumi (2:234). Akifa siku moja baada ya eda kwisha, mke harithi. Siku moja tu inaweza kumpa mtu thumuni ya mali au kumtoa mikono mitupu.

La tano ni nasaba ya mtoto. Wanavyuoni wamekubaliana kwamba muda mdogo kabisa wa mimba ni miezi sita, kwa kuziunganisha aya mbili (46:15 na 31:14). Mwanamke akiolewa tena na akazaa, siku aliyoachwa na siku aliyoolewa ndizo zinazojibu suala la baba.

SIKU GANI TALAKA INAHESABIWA KUTOKA

Jawabu linategemea namna ya kuachana.

Talaka ya mdomo, kwa tamko la wazi, inatoka pale pale. Haingoji cheti wala muhuri wa mahkama. Na kwa jumhuri ya wanavyuoni haingoji hata mke kupata habari. Eda inaanza siku ya talaka, na si siku ya habari. Kushuhudisha mashahidi wawili kumetajwa katika Qur-an (65:2). Maimamu wanne wameona kuwa kushuhudisha talaka ni jambo lililosisitizwa lakini si sharti ya kusihi kwake. Mashia Ithnaasharia wao wanaona ni sharti.

Talaka ya maandishi ina hukumu yake. Kwa Mashafi maandishi ni kinaya, yaani yanahitaji nia ya mwandishi. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomwa na kutegemewa na makadhi wetu kwa muda mrefu, ameeleza kwamba mtu akiandika kuwa mke ameachika pale barua itakapomfikia, basi talaka inatoka siku ya kufika barua. Hii ni tafauti na mtu aliyeandika akiwa na nia ya kuacha papo hapo. Kwa visiwa hivi, ambavyo watu wake wametawanyika Muscat, Dubai, London na Toronto, somo hili lina maana kubwa. Barua iliyoandikwa Shaabani ikafika Shawwali ina tarehe mbili, na Kadhi lazima aisome neno kwa neno.

Ujumbe wa simu nao umo katika mlango huo huo wa maandishi. Mwaka 2003 Mahkama ya Sharia ya Gombak Timur nchini Malaysia ilipitisha kuwa talaka iliyotumwa kwa ujumbe wa simu imesihi, na watu duniani wakazungumza sana. Faida moja ya simu ni kwamba inaweka siku, saa na hata dakika. Hasara yake ni kwamba simu hushikwa na mikono mingi, na mahkama inabidi ihakikishe aliyeandika ni nani na alikusudia nini.

Talaka ya sharti, kama vile kusema "ukenda kwa fulani umeachika", hutoka siku ile sharti inapotimia. Hapo ugomvi huwa si lini alisema, bali lini alikwenda.

Khului, ambayo hapa watu huiita kununua talaka (2:229), hutimia siku mume anapokubali badala na kumwacha. Na ndoa ikivunjwa na Kadhi kwa ombi la mke, tarehe ni ya hukumu yenyewe. Hii haina ugomvi, kwani imo katika jalada.

WAKIPINGANA

Mtume (SAW) ametufundisha kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Juu ya hilo mafaqihi wakajenga kanuni kwamba yakini haiondoki kwa shaka. Ndoa iliyojulikana kuwepo inahesabiwa ipo mpaka ithibiti kuvunjika. Kwa hiyo mke akidai ameachwa na mume akakana, mke alete mashahidi. Akikosa, mume ataapa. Na warathi wakidai kwamba marehemu alimwacha mkewe zamani, wao ndio wenye mzigo wa kuthibitisha.

Tazama jinsi wanavyuoni walivyokuwa makini. Minhaj imeuleta mfano wa mume na mke wanaovutana juu ya rejea. Ikiwa wote wamekubaliana kuwa eda ilikwisha Ijumaa, mume akasema "nilikurejea Alkhamisi" na mke akasema "la, ilikuwa Jumamosi", basi anasadikiwa mke kwa kiapo. Lakini ikiwa wamekubaliana kuwa rejea ilikuwa Ijumaa, mke akasema "eda yangu ilikwisha Alkhamisi" na mume akasema "la, ilikwisha Jumamosi", basi anasadikiwa mume kwa kiapo. Hekima yake ni kwamba Kadhi anaanzia kwenye lile waliloafikiana, kisha anayebadilisha hali iliyojulikana ndiye anayetakiwa ushahidi.

Na mwanamke anasadikiwa katika kwisha eda yake kwa hedhi, kwa sababu ni jambo asilolijua mwengine. Lakini anasadikiwa katika muda unaowezekana. Kwa Mashafi muda mdogo kabisa, kwa aliyeachwa akiwa tohara, ni siku 32 na chembe ya wakati. Mwenye kusema eda yake imekwisha kwa siku 25 hasikilizwi, hata akiapa.

Sasa turudi Amani, kwa mke wetu wa mfano. Mume anadai talaka ya zamani ambayo mke hakuijua. Waliosherehesha Minhaj wamelieleza jambo hili: mume akikiri kwamba alimwacha mkewe siku iliyopita, eda inahesabiwa tokea siku aliyoitaja ikiwa mke anamsadiki, mke asipomsadiki, inahesabiwa tokea siku ya kukiri. Wanavyuoni wa baadaye wa Kihanafi nao walitoa fatwa ya kuhesabu tokea siku ya kukiri, kwa kuchelea watu kupanga tarehe kwa maslahi yao. Maana yake ni kwamba kauli ya mume inamfunga yeye mwenyewe, lakini haiwezi kuikata haki ya mwengine bila ya ushahidi. Akileta mashahidi waadilifu waliomsikia Mfunguo Tatu ile, hapo ni kesi nyengine. Asipowaleta, matumizi ya mwaka na nusu yanabaki kuwa deni.

Nchi kadhaa zimeliandikia sheria jambo hili. Misri, kwa marekebisho ya 1985, imemtaka mume aisajili talaka katika siku 30. Hukumu zake zinaanza siku iliyotoka, isipokuwa mume akimficha mkewe. Hapo mirathi na haki za mali zinahesabiwa tokea siku mke alipojua. Pakistan, kwa sheria ya 1961, talaka haipiti mpaka siku 90 tokea taarifa ilipofikishwa kwa mwenyekiti wa baraza la eneo. Na India, katika kesi ya Shamim Ara ya mwaka 2002, mume aliyedaiwa matumizi alijibu kwa maandishi mwaka 1990 kwamba alikwisha mwacha mkewe tokea Julai 1987. Mahkama ya Juu ikasema kwamba kuandika tu katika majibu ya kesi kuwa "nilimwacha zamani" si talaka wala si ushahidi wa talaka. Lazima ithibitike kwamba ilitamkwa kweli. Mume akabaki na wajibu wa matumizi. Utaona kwamba kesi ile na mfano wetu wa Amani ni kama pacha.

KADHI ANATAZAMA NINI

Penye ugomvi Kadhi hukusanya vipande. Mashahidi waliosikia tamko. Karatasi ya talaka, kama ipo, na mwandiko wake. Barua na ujumbe wa simu. Risiti za fedha zilizotumwa: mtu anayesema ameacha Rajabu lakini akaendelea kutuma matumizi ya "mke wangu" hadi Ramadhani anajipinga mwenyewe. Kama mume alilala nyumbani baada ya tarehe anayoitaja, pana suala la kujibu. Sheha na wazee wa pande mbili nao huulizwa, kwani mara nyingi ndio waliopelekewa shauri kwanza.

Kuna jambo dogo linalowababaisha mashahidi wetu. Siku ya Kiislamu inaanza magharibi. Mzee anayesema "usiku wa Ijumaa" na kijana anayesema "Alkhamisi usiku" wanasema jambo moja. Wengine hutoa tarehe za mfunguo na wengine za kizungu. Shahidi mzuri aoanishe siku na tukio: maulidi, msiba, siku ya kufungua skuli.

Sheria ya Mahkama ya Kadhi Namba 9 ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, imeongeza sababu nyengine ya kuijali tarehe. Sasa Kadhi anaweza kusikiliza pia mgawanyo wa mali baina ya wanandoa pale ambapo pana mchango halisi. Nyumba iliyojengwa kabla ya talaka na iliyojengwa baada yake si sawa. Bara mlango huo ulifunguka zamani, pale Mahkama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliposema kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Kwa hiyo anayetaka haki yake katika mali ajiandae kueleza kilichochumwa, lini kilichumwa, na ndoa ilikuwa hai au la.

NASAHA

Ndugu Waislamu, sharia yetu imeziba njia hizi za ugomvi tokea zamani. Sisi ndio tunaozifungua kwa uzembe. Kwanza, tuiogope talaka yenyewe. Mwenye hasira atoke nje, atie udhu. Pili, aliyekwisha kuitoa aishuhudishe, aiandike siku hiyo hiyo, aandike ni talaka ya ngapi, na ampe mkewe. Kumficha mwanamke talaka yake ni kumdhulumu: anakaa akidhani ana mume, kumbe hana. Tatu, aisajili. Tokea sheria ya 2018 tunao Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na talaka ni moja katika matukio hayo. Usajili hauifanyi talaka kuwa talaka, lakini unaiwekea siku isiyobishaniwa. Nne, anayerejea arejee kwa mashahidi, asiseme moyoni tu. Tano, dada zetu wasinyamaze miaka. Mke aliyekatiwa matumizi aende kwa sheha na kwa Kadhi mapema, kwani kila mwezi unaopita unachukua mashahidi na kumbukumbu zao.

Na wazee wa pande mbili, mkiitwa kusuluhisha, ulizeni mapema suala hili: talaka imetoka au haijatoka, na kama imetoka, siku gani? Iandikeni mbele ya wote wawili. Karatasi hiyo ya mistari mitatu inaweza kumwokoa mjane asinyimwe mirathi, au mtoto asibishaniwe baba.

Ndoa tunaifunga mbele ya watu kwa mashahidi na khutba. Ikilazimu kuifungua, basi nako kuwe kwa wema, kwa uwazi na kwa tarehe inayojulikana. Allah (SW) ajaalie nyumba zetu masikilizano, na awape makadhi wetu taufiki ya kuhukumu kwa haki. Amin.